Chupa ya Maziwa na Orodha ya Mishahara

Ukivuka daraja la Mbita na kuingia kisiwa cha Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay, hutakosa kuonyeshwa kaburi la Tom Mboya. Limejengwa kwa umbo la risasi, na shule za Homa Bay na Migori hupeleka wanafunzi kulitazama. Watoto hulizunguka, husoma tarehe, hupigwa picha, kisha hurudi garini. Waulize jioni wamejifunza nini, nao watakwambia kwamba alizaliwa mwaka 1930, kwamba alipeleka wanafunzi Marekani kwa ndege, na kwamba aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu yule aliandika kitabu, na miongoni mwa wengi wanaofika kaburini pake ni wachache mno waliopata kukifungua.

Kitabu chenyewe chaitwa Freedom and After, maana yake uhuru na yaufuatayo. Kilitolewa London mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru wake. Sehemu yake kubwa ni habari za siasa, na siasa huchakaa upesi kuliko viatu. Msomaji wa leo atazipita kurasa nyingi bila kusimama. Sikusudii kukihakiki chote. Nataka tukae pamoja juu ya kurasa chache tu, zile anazoeleza kazi yake ya kwanza ya mshahara mjini, kwa sababu hizo hazijapoa, na kwa sababu naona kwamba wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, tumezoea kuzisoma vibaya.

Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, upande wa Thika, ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alikuwa mnyapara. Baada ya masomo ya shule alijifunza ukaguzi wa afya pale Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Akawa yule ambaye watu wa mitaani humwita bwana afya. Alikuwa na cheti, alikuwa na kazi, tena alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu katika mji uliokuwa umepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu kabla. Mwenye kuona kwa nje angesema amefika.

Siku moja, asema, alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa. Akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa ya maziwa mkononi. Kijana akamwamkia. Yule mwanamke akatupa macho huku na huku, kisha akauliza kama humo ndani mna mtu. Mboya naye akamwuliza kama macho yake yana kasoro. Bibi yule alighadhibika, akatoka kwenda kumshtaki kwa wakubwa.

Nimepata kusoma kisa hiki mbele ya madarasa mengi, na kila mara hutokea jambo moja. Darasa hucheka. Mmoja hupiga meza, mwingine husema, "Amempata!" Wakati huo kila mtoto aliye chumbani amekwisha jiketisha katika kiti cha Mboya, na hakuna hata mmoja aliyebaki mlangoni na ile chupa. Siwalaumu. Kisa kimesimuliwa hivyo. Mwandishi hakukipamba, hakusema bibi yule alikuwa na sura mbaya wala sauti ya chuki, aliweka swali na jibu, akaendelea na safari yake. Ufupi huo ndio ustadi wake, nami nautaja mbele yako wewe uandikaye insha, maana wanafunzi wengi wakitaka kueleza uovu humpaka mwovu masizi usoni mpaka msomaji ashindwe kumwona.

Lakini tusisimame hapo penye kicheko. Katika maelezo hayo hayo ya kazi ya Nairobi, Mboya ataja jambo lisilochekesha hata kidogo, nalo ni mshahara. Mkaguzi Mwafrika alipata sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Wala halikuwa kosa la karani mmoja mwenye roho mbaya. Ndivyo nchi ilivyopangwa. Hata katika utumishi wa serikali yenyewe palikuwa na kanuni ya tatu kwa tano: Mwafrika na Mhindi walipata sehemu tatu pale Mzungu alipopata tano kwa cheo kimoja, na kanuni hiyo haikukataliwa rasmi mpaka Tume ya Lidbury ilipotoa shauri lake mwaka 1954. Dharau ya yule bibi ilipita kwa dakika moja. Hii ya mshahara ilirudi kila mwisho wa mwezi, imepigwa chapa, imetiwa sahihi.

Hapa ndipo naona ubora wa kweli wa kurasa hizi, nao si lile jibu kali. Jibu kali twaweza sote. Aliyetukanwa akajibu tusi amelipa deni, akalala. Kesho yake mshahara uko pale pale. Mboya aliichukua hasira aliyoipata mbele ya chupa ya maziwa akaipeleka mahali ambapo yule bibi hakuwapo wala hakuhitajiwa. Aliingia katika chama cha watumishi Waafrika wa Baraza, akawa kiongozi wake, na kutoka humo kikazaliwa chama kamili cha wafanyakazi wa mabaraza ya miji na wilaya. Mwaka 1953 alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya nchi nzima. Kumbuka wakati wenyewe: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, chama cha siasa cha Waafrika kikapigwa marufuku mwaka uliofuata, na aliyesema neno juu ya ardhi alijua atalala wapi. Neno juu ya mshahara lilikuwa bado laweza kusemwa, likisemwa kwa hesabu. Mwaka 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, kijana huyu ambaye hakuwa ametimiza miaka 25 alikwenda kusema kwa niaba yao, na mwisho wake walipata nyongeza ya karibu theluthi moja ya ujira wao. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, alisimamia mapatano kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi juu ya namna ya kuamua magomvi ya kazini.

Basi mwandishi huyu alijua kugeuza jambo la moyo kuwa jambo la hesabu. Hakuuliza kwa nini hawampendi. Aliuliza wanamlipa kiasi gani, na wenzake wanalipwa kiasi gani, na nani aliandika. Mtu anayeonewa kazini leo, awe katika duka la Rongo au kiwanda cha sukari cha Awendo, angefaidika kwa kuanza na maswali hayo makavu kabla ya kuanza na machozi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa hata mguu wa kusimamia: yamkataza mwajiri kubagua, na yaagiza kazi zenye thamani sawa zilipwe ujira sawa. Lakini sheria ile haiwezi kumsaidia mtu ambaye hajui mwenzake analipwa nini, na sisi tumelelewa kuona haya kutaja mishahara yetu. Haya hiyo humfaa mwajiri kuliko yeyote mwingine.

Nimekisifu kitabu, sasa nikilaumu. Mwandishi anaandika akiwa amekwisha kuwa mkubwa, na mara nyingi sauti yake ni ya mtu anayetazama saa. Wale mabwana afya wenzake, waliolipwa sehemu ile ile moja na kwa hakika walikuwa na hofu ya kupoteza hata hiyo, twawaona kwa mbali mno. Chama hakijengwi na mtu mmoja. Ningependa kukaa kitambo na yule aliyesita kutia sahihi, na yule aliyewaza ada ya watoto.

Lawama yangu kubwa ni nyingine, na si haki kumtwika yeye peke yake, maana ni ya zama zake. Hesabu ile ya moja kwa tano iliwezekana kwa kuwa uonevu wenyewe uliandikwa. Mkoloni hakuficha upendeleo wake. Aliuweka katika jedwali, rangi hii mshahara huu, rangi ile mshahara ule. Je, upendeleo usioandikwa popote utauhesabuje?

Hilo ndilo swali la Homa Bay na Migori ya siku zetu. Tangu mwaka 2013 tuna serikali za kaunti, na pamoja nazo bodi za kuajiri, na matangazo ya kazi, na foleni ya vijana wenye bahasha za kaki. Sheria haikulala. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 yakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka walau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kwanza ziwaendee watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti ile. Sheria hizo zahesabu jamii, na katika Migori, wanakokaa Wajaluo, Wakuria, Wasuba na wengine, kuhesabu huko kuna kazi yake. Ila hakuna sheria inayohesabu wapwa. Katika Homa Bay, ambako wengi wa waombaji husema lugha moja, upendeleo hauhitaji kabila. Hutosheka na ukoo, au kanisa, au shule mliyosoma pamoja, au nyumba aliyoolewa dada yako. Yule asiyepata kazi haambiwi kwamba amenyimwa kwa sababu ya ukoo wake. Huambiwa jina lake halikuonekana. Tena waliolijaza jedwali ni watu wapole, wanaokuuliza habari za mama yako.

Mbele ya upendeleo wa namna hii, msomaji aliyezoea kiti cha Mboya hana la kufanya isipokuwa kungoja aonewe ndipo akasirike. Kwa hiyo nakuomba, wewe usomaye, uinuke katika kiti kile. Nenda mlangoni, ushike chupa.

Mtazame sasa yule bibi kwa utulivu. Kwa hukumu yangu, hakudanganya. Aliposema haoni mtu, huenda alisema kweli yote aliyokuwa nayo. Kwake yeye "mtu" wa ofisi ile alikuwa na sura fulani, na sura ile haikuwapo. Hakupanga kanuni za mshahara, hakutia sahihi mahali, hakumfukuza yeyote. Alikuwa tu amezoea kuhudumiwa na wa kwake, na mazoea yale yalimwondolea macho bila yeye kuhisi maumivu yoyote. Aliyependelewa haoni upendeleo; huona mambo yanakwenda kama yanavyopaswa kwenda. Mboya alidhani anamchokoza alipomwuliza habari za macho yake, kumbe aliuliza swali sahihi kuliko alivyojua.

Nasema haya nikijua ninachosema, maana nimepata kuwa mlangoni.

Nilipomaliza chuo cha ualimu sikuajiriwa na serikali. Kama vijana wengine wengi wa siku hizi nilingoja, mwaka wa kwanza, wa pili, nikivua na kulima. Kisha nikapata nafasi ya mwalimu wa bodi, yaani yule alipwaye na shule kwa michango ya wazazi, katika shule moja ya kando ya ziwa ambayo sitaitaja. Katika bodi ile alikaa mdogo wa baba yangu. Sikuona ajabu. Nilikuwa na cheti, shule ilikuwa na upungufu, nikaingia darasani siku ya Jumatatu.

Palikuwa na mwalimu mwingine, binti wa upande wa Kehancha, aliyeolewa karibu na shule. Alihitimu miaka miwili kabla yangu. Tangu muhula uliotangulia alikuwa akifundisha darasa la tatu bila mshahara, kwa chakula cha mchana tu, akiwa ameahidiwa kwamba nafasi ikipatikana itakuwa yake. Nafasi ikapatikana, nikapewa mimi. Kwa majuma mawili nilimwona kila asubuhi akija na madaftari yake yamefungwa kwa leso, nami nikamwamkia, naye akaniitikia. Sikuuliza yeye ni nani wala analipwa nini. Juma la tatu hakuja. Niliambiwa na mpishi.

Jumapili nilikwenda kwa yule mzee. Kwetu ndugu wa baba ni baba, wala hatumwiti kwa neno jingine.

"Baba," nikamwambia, "nimesikia palikuwa na mwalimu aliyeahidiwa nafasi ile kabla yangu."

Hakukasirika. Alinivutia kiti, akaniambia nikae. "Mwanangu," akasema, "nafasi ilikuwa moja. Ningemnyima mtoto wa ndugu yangu, nimpe mtu nisiyemjua hata jina?"

Binti yule alikuwa amefundisha muhula mzima katika shule ambayo mzee alikuwa mwanachama wa bodi yake, na watoto wa darasa la tatu walijua jina lake.

Ungependa nikwambie kwamba niliacha kazi. Sikuacha. Nilikuwa na mama mgonjwa na mdogo wangu kidato cha pili. Nilibaki mwaka mmoja na nusu, mpaka Tume ya Kuajiri Walimu iliponiita mahali pengine. Jambo nililofanya lilikuwa dogo mno. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi niliouhudhuria niliomba kwamba kila nafasi ya bodi itangazwe kwa karatasi langoni, pamoja na majina ya walioomba, mwaka waliohitimu, na sababu ya kumchukua aliyechukuliwa. Mzee mmoja alicheka. Akina mama wawili waliniunga mkono, na neno likaandikwa katika daftari la mkutano. Kama lilitimizwa baada yangu, hilo lategemea walioshika daftari. Jambo nililolielewa usiku ule ni kwamba upendeleo wa kwetu hauhesabiki kwa kuwa haujaandikwa, na kwamba kazi ya kwanza, kabla ya chama na kabla ya korti, ni kuulazimisha uandikwe. Mboya aliikuta orodha ya mishahara imekwisha kuwapo. Sisi lazima tuiandike wenyewe, na anayefaa kuidai kwanza ni yule ambaye jina lake lilipita kwa urahisi.

Hii ndiyo sababu nimeacha kusoma kisa cha chupa ya maziwa kwa ajili ya kicheko. Siku hizi nikikisoma, nasubiri kicheko kiishe, kisha nawaagiza wanafunzi wafunge kitabu na kuandika upya habari ile kwa kalamu ya yule bibi: amerudi nyumbani jioni, ameketi mezani, anamwandikia dada yake barua ya mambo ya mchana. Wengi humwandikia maneno ya shetani. Wengine humtia toba ambayo hatuna ushahidi wake. Muhula uliopita msichana mmoja kutoka upande wa Mbita, mkimya, ambaye simkumbuki kuinua mkono darasani, aliniletea karatasi yenye sentensi moja tu: "Leo nilipeleka maziwa ofisini, lakini sikumkuta mtu."

Nilikuwa nimeagiza ukurasa mzima. Nilimpa kumi kwa kumi, na wenzake wakalalamika kwamba nimempendelea, ikanibidi kuisoma karatasi ile mbele ya darasa lote na kueleza sababu.